Niuze kiwanja cha Kibaha nikasome uzamili wa uchambuzi wa uwekezaji Scotland?

Kijana wa Tabata

Wakuu, habari za majukumu. Kuna jambo linaninyima usingizi, na hapa nyumbani kila ninayemuuliza ananipa baraka badala ya ushauri.

Nina miaka 29. Nilisoma uhasibu Mzumbe, na huu ni mwaka wangu wa nne kwenye ofisi ya dalali wa hisa hapa Dar. Nawafungulia wateja akaunti, naingiza oda zao za kununua na kuuza. Mteja akiniuliza kama bei ya hisa fulani ni halali au anabebeshwa, namsomea gawio la mwaka jana. Najua hilo si jibu. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, ana shilingi milioni sita za mirathi ya mumewe. Akaniambia, "Mwanangu, niziweke wapi?" Nikashikwa na kigugumizi. Usiku uleule nikajaza maombi ya chuo.

Sasa nimepata nafasi Scotland, shahada ya uzamili ya uchambuzi wa uwekezaji, mwaka mmoja kuanzia Septemba. Ada peke yake inapita pauni 20,000. Baba yuko tayari kuuza kiwanja cha Kibaha, kile alichokinunua akiwa bado anafundisha. Nina mke na mtoto wa miaka miwili, na nia yangu ilikuwa twende wote. Je, inalipa? Na hesabu za uhasibu zinatosha kule?

Mchambuzi, Nairobi

Kaka, pole kwa mawazo. Mimi nafanya kazi kwenye kampuni inayosimamia fedha za mifuko ya pensheni, na sijawahi kusoma nje. Nilipita njia ya mitihani ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji. Ni ngazi tatu, unasoma usiku ukitoka kazini. Ngazi ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua jibu, unafanyia kwenye kompyuta, na hutolewa mara nne kwa mwaka. Mimi ilinichukua miaka minne yote, na ngazi ya pili nilianguka mara moja.

Ada za mitihani yote mitatu hazifiki robo ya hizo pauni unazotaja, na CFA wenyewe wana ufadhili wa kupunguza ada kwa wenye uwezo mdogo. Utakachokosa ni mwalimu. Ukikwama, umekwama na kitabu chako. Lakini kiwanja cha mzee kinabaki.

Binti wa Tanga

Mdogo wangu, habari ya huyo mama wa vitenge ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa kirefu.

Kozi hiyo niliisoma Chuo Kikuu cha Stirling, hukohuko Scotland. Sijajuta hata siku moja. Kiwanja usiuze. Nitakueleza yote mawili.

Muhula wa pili tulipewa kazi ya kupima hatari ya hisa, yaani soko likiyumba hisa nayo inayumba kiasi gani. Kipimo chenyewe kinaitwa beta. Wenzangu walichukua kampuni za London na New York. Mimi nilichukua hisa ya soko letu la Dar, kwa sababu babu aliniachia hisa 400 za kampuni hiyo na nilitaka kuijua. Nikaweka bei za mwaka mzima kwenye Excel, nikakokotoa badiliko la kila siku. Safu yote ikajaa sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, ghafla asilimia tano, kisha sifuri tena wiki mbili. Beta ikatoka 0.06, kana kwamba hisa ile ni salama karibu sawa na fedha iliyolala benki. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Nikampelekea mwalimu. Akatelezesha kidole kwenye ile safu, akauliza, "Siku hizi, bei ilibaki palepale au hakuna aliyenunua?" Nikamwambia hakuna aliyenunua. Akanieleza kwamba basi bei niliyoiandika siku ile ni ya juzi au ya wiki iliyopita, na habari za soko zinaifikia hisa hiyo zikiwa zimechelewa. Akanipa makala ya Elroy Dimson ya mwaka 1979, inayohusu hisa zisizouzwa kila siku. Badala ya kuilinganisha hisa na soko la siku ileile tu, unailinganisha pia na soko la siku zilizotangulia na zinazofuata, kisha unajumlisha. Nilipojumlisha, beta ikapanda hadi 0.7. Niliganda pale dirishani maktaba nikitazama mabata maji kwenye ziwa la Airthrey, nikiwafikiria watu wangapi nyumbani wameambiwa "hisa hii haiyumbi, mama, weka tu". Tasnifu yangu yote ilitoka kwenye ile safu ya sifuri.

Ndiyo maana nasema inalipa, ila kwa mtu anayekwenda na swali lake. Nilisoma na vijana waliofika pale bila kujua wanatafuta nini, na mwaka ule haumsubiri mtu. Septemba unafika, Desemba mitihani, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, ukishtuka ni Mei na unatakiwa kuandika tasnifu. Uhasibu utakusaidia sana kusoma vitabu vya kampuni. Pale utawaacha wengi. Kitakachokutesa ni takwimu. Anza sasa hivi: uwezekano, rigresheni (kupima kitu kimoja kinavyofuata kingine), na Excel mpaka vidole vizoee. Ukifika ukiwa bado unajifunza maana ya mkengeuko sanifu, yaani namba zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, wiki ya tatu utakuwa umeachwa.

Na ukifika, panda treni uende Edinburgh, haifiki saa moja. Kuna maktaba pale inaitwa Library of Mistakes, yaani Maktaba ya Makosa, ilifunguliwa 2014, imejaa vitabu vya historia ya fedha na watu walivyopotea humo. Mji ule umesimamia fedha za watu kwa vizazi. Scottish Mortgage, mfuko wa uwekezaji unaotajwa sana leo kwa hisa za teknolojia, ulianza 1909 ukiwakopesha wenye mashamba ya mpira huko Malaya. Niliposoma hilo niliukumbuka mkonge wetu wa Tanga, nikajiuliza faida yake iliishia kwenye vitabu vya nani.

Sasa fedha na familia. Hili la familia litakuuma: tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu mwanafunzi wa uzamili wa kozi za darasani kuja na mke wala mtoto. Labda awe na udhamini wa serikali. Mkae mlizungumze nyumbani kabla ya jambo lolote. Mbali na ada, unatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za miezi tisa, na nje ya London kiwango ni pauni 1,171 kwa mwezi. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Ada ya huduma ya afya kwa kozi ya mwaka mmoja inafika pauni 1,164, unalipa kabla hujapanda ndege. Bado viza yenyewe na kipimo cha kifua kikuu. Kazi ya kibarua ni saa 20 kwa wiki, hata wakati wa tasnifu. Kibarua kitakupa chakula, ada hakiwezi.

Kwa hiyo andikia chuo, omba wakusogezee nafasi mwaka mmoja. Vyuo vingi vinakubali ukieleza sababu. Halafu omba Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na wewe kwa miaka minne umeshazipita mbali. Sharti lao ni urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili, na kwa nia yako sioni hilo likikusumbua. Mwaka huo wa kusubiri, fanya ngazi ya kwanza ya CFA kama alivyosema kaka wa Nairobi. Hutapoteza kitu, maana mambo mengi ni yaleyale utakayoyakuta darasani.

Kijana wa Tabata

Dada, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu pembeni. La familia hatukulijua kabisa. Kesho naandika barua ya kuomba kusogeza nafasi, na baba nitamwambia kiwanja kibaki. Kaka wa Nairobi, asante, nitakutafuta kuhusu vitabu. Dada, ile safu ya sifuri naiona kila siku kwenye skrini ya ofisini, sikuwahi kuiuliza kitu.

Binti wa Tanga

Iulize kuanzia kesho. Kila siku andika hisa zipi zimeuzwa na ngapi, mwaka ujao utakuwa na data ambayo mwalimu wako hajawahi kuiona. Na yule mama wa vitenge, fedha zake ziko wapi sasa?

Kijana wa Tabata

Bado ziko benki. Aliniambia atanisubiri.

Binti wa Tanga

Basi usimwache mpaka umalize shahada. Muulize kwanza atazihitaji lini. Zile za ada ya watoto Januari azitenge mahali anapoweza kuzitoa ndani ya siku chache, kama vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Zile asizozigusa kwa miaka mingi, mweleze hatifungani za serikali, yaani anaikopesha serikali kwa riba; anaweza kuanza na shilingi milioni moja Benki Kuu, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Muandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na tarehe za riba. Mimi mama yangu niliibandika ya kwake nyuma ya mlango wa kabati.