Silabusi inasema G na T haziungane, mbona ku picha zinaungana?

Furaha_wa_Kadutu
Jambo kwa bote. Niko nasoma biolojia hapa Bukavu, mwaka wa pili, na kuko kintu kimoja kinaninyima usingizi. Mu silabusi banaandika kama besi, zile herufi ine za ADN (molekuli yenye kubeba urithi), A inaenda na T, G na C, basi, ingine haiwezekane. Sasa juzi umeme ilikuwa imekatika, nikawa nasoma PDF moja ku telefone, nikaona picha ya G imekamatana na T mu ADN, na liezo za idrojeni (kamba dhaifu zenye kushikanisha besi) mbili kabisa, sawa vile A na T! Nikauliza asistanti, akasema niachane nayo, haitatoka ku egzame. Mi siwezi kuachana nayo. Kama G na T zinakamatana, seli inajulia wapi kama pale kuko kosa? Na bale benye kupiga ile picha balionaje kintu kidogo vile?

Yaya_wa_Nguba
Mudogo wangu, swali yako ni ya maana, usiache mutu akuvunje moyo. Shida ya G na T haiko liezo, ni umbo. Enda kwa seremala yeyote pale Kadutu umuangalie akitengeneza ngazi, bile bijiti bya kukanyangia anabikata byote urefu moja, kimoja kikizidi mbao za pembeni zinapanuka. ADN njo vile: mbao za pembeni njo ziko na sukari, na kutoka C1' (kaboni yenye kushika besi) ya sukari moja mpaka C1' ya ile ingine ni anstromu 10.5 hivi (anstromu ni milimita moja ukiigawa mara milioni kumi), ikuwe A-T ao G-C. G·T urefu yake inakaribia pale pale, njo maana inaingia. Lakini haikae mu laini. T inasukumwa upande wa mufereji mukubwa, G upande wa mufereji mudogo (ile mifereji mbili yenye kuzunguka inje ya ADN), kisha O6 ya G inakamata N3 ya T (O ni oksijeni, N ni azoti, namba ni nafasi yake), na N1 ya G inakamata O2 ya T. Ile amino ya G, N2, inabaki bila mwenzake. Crick alishaisema hiyo kuteleza tangu 1966, ila yeye alikuwa anasemea ARN, ndugu ya ADN, pale kodoni na antikodoni (herufi tatu tatu) zinakutana seli ikitengeneza proteini.

Kwa picha, haiko kamera. Banatengeneza kipande kifupi cha ADN, jozi 8 ao 12, banatia kosa makusudi, banaacha igande kristali, kisha banapiga reyoni X na kuhesabu atomu ziko wapi. Ya G·T ilitoka 1985, Olga Kennard wa Cambridge, Tom Brown na benzabo. Balikuta hata molekuli za maji zimekaa pale pembeni zikishika G na T pamoja. Mi hii ya maji inanigusa sana, pahali kunabaki pengo maji inaingia kusaidia.

Docta_Gom
Niongezee kosa ingine kwa ile ya yaya, G na A. Zote mbili ni kubwa, ukiziweka uso kwa uso ngazi inapanuka kupita anstromu 12. Kristali ya 1986 ilionyesha A imejipindua ku sukari yake, hali banaitaka sini, na urefu ikarudi karibu ya kawaida. Lakini mwaka wenye ulifuata kristali ingine, yenye besi za jirani tofauti, ilikuta hakuna yenye ilijipindua. Kwa hiyo usikariri sura moja ya G·A, inategemea majirani na hata peashi (kipimo cha asidi).

Kwa swali ya seli inajulia wapi: kuko proteini MutS, yenye kutafuta makosa ya jozi. Mu 2000 balitoa picha ya MutS ya E. coli (bakteria ya utumbo) imeshika G·T. Inakunja ADN kama digrii 60 na kuchomeka fenilalanini moja (asidi-amino yake) pembeni ya lile kosa. Jozi nzuri inakataa kukunjika vile, jozi mbaya inakubali kirahisi. Ni udhaifu njo inasikia. Paul Modrich alipata Nobel ya kemia 2015 kwa kazi ya kurekebisha haya makosa, pamoja na Lindahl na Sancar. Na ku bantu, geni MSH2 ao MLH1, zenye kufanya hii kazi ya kurekebisha, ikiharibika, kansa ya utumbo mukubwa inaweza kutembea mu familia.

Mama_Labo_Lushi
Yaya na docta, nabakubali, ila hapa siwezi kunyamaza. G·T haiteleze siku zote! Idrojeni moja ikihama pahali ku G ao ku T, jozi inakaa mu laini kabisa sawa G-C, na ile enzimu ya kukopi ADN inadanganyika. Watson na Crick balishawaza hivyo tangu 1953. Mu 2015 kundi ya Hashim Al-Hashimi, Marekani, balitumia RMN (mashini ya sumaku yenye kusikiliza atomu) bakaiona G·T ikigeuka vile kwa muda ya chini ya milisekunde moja, kisha inarudi. Kristali haiwezi kukuonyesha hiyo kirahisi, inaonyesha tu hali yenye inakaa sana. Furaha, soma zote mbili.

Furaha_wa_Kadutu
Aksanti sana mama, yaya, docta. Nimekata makarto, G na T, nikapima na regle, kweli T inateleza na N2 inabaki peke yake! Lakini A na C zinanikatalia, nikigeuza namna gani napata liezo moja tu.

Yaya_wa_Nguba
Ongeza idrojeni moja ku N1 ya A, mudogo wangu. Peashi ikishuka A inabeba ile protoni, N1 inakamata O2 ya C, N6 inakamata N3. Pima tena utuambie.