Wasifu wa marehemu aliyekuwa afisa ustawi wa jamii uandikweje?

Swali: Shikamooni wakubwa. Nimepewa jukumu la kuandika wasifu wa marehemu shangazi yangu, afisa ustawi wa jamii mstaafu aliyeendelea kuhudumia watu hadi miezi michache kabla ya kufariki. Nikiorodhesha vyeo tu, huyo si yeye. Nikisimulia kazi yenyewe, nachelea kuanika siri za watu aliowasaidia. Nifanyeje?

Jibu la 1: Pole sana kwa msiba. Siri ya mteja haifi pamoja na mhudumu wake, kwa hiyo usisimulie kisa ambacho jirani anaweza kumtambua mhusika, hata kama jina limefichwa. Eleza mwenendo wake. Mkuu wangu wa zamani hakuandika neno mbele ya mtoto: alifunga daftari, akaketi sakafuni, akangoja mtoto aanze mwenyewe. Hapo hakuna siri iliyovuja, na kazi yake yote imeonekana.

Jibu la 2: Naongezea kwamba usiishie siku ya kustaafu. Jane Addams, mhudumu wa jamii wa Marekani aliyeanzisha Hull House, nyumba ya kuhudumia maskini na wahamiaji mjini Chicago, mwaka 1889 akiwa na mwenzake Ellen Gates Starr, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931 akiwa na miaka 71. Mfano huo ni mkubwa mno, nakiri, ila uzee wa watu hawa mara nyingi ni kazi tupu.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimekumbuka viatu vyake vya kutembelea majumbani, vilivyolika soli upande mmoja, ambavyo havikuondoka mlangoni hata baada ya kustaafu. Nitaanzia hapo.