Java Swing: mstari mpya wa fomu hautokei mpaka nivute dirisha

Swali

Wakuu, salaam. Natengeneza fomu ya ankara kwa Swing (maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha), Java 17. Mtumiaji akibofya "Ongeza bidhaa", mstari mpya utokee chini ya ule wa mwisho: jina la bidhaa (JTextField), idadi (JSpinner), bei (JTextField) na kitufe cha kufuta mstari huo. Kila mstari ni JPanel (paneli ya kubebea vitu vingine) yenye BoxLayout.X_AXIS, yaani vitu vinapangwa kwa mlalo. Mistari yote inakaa humu:

```java
JPanel orodha = new JPanel();
orodha.setLayout(new BoxLayout(orodha, BoxLayout.Y_AXIS));
JScrollPane skroli = new JScrollPane(orodha);

ongeza.addActionListener(e -> orodha.add(tengenezaMstari()));
```

Nikibofya, kimya. Nikivuta pembe ya dirisha, mistari yote inajitokeza kwa mpigo. Nimeweka repaint() baada ya add(), bado. Halafu mstari ukiwa mmoja tu unajaza paneli nzima, kisanduku cha jina kinakuwa kirefu kwenda chini utadhani ni cha kuandikia barua. Nakosea wapi?

Jibu la 1

add() inamwingiza mtoto (kitu kinachokaa ndani ya paneli) kwenye paneli na kutia alama kwamba mpangilio wa zamani haufai tena. Basi. Haimpi mahali pa kukaa wala ukubwa, kwa hiyo mstari wako upo ila una upana 0 na kimo 0. Ndiyo maana repaint() peke yake haisaidii: inachora upya, lakini hakuna cha kuchora. Ukivuta dirisha, Swing inalazimika kupanga upya kila kitu, na hapo mistari inapata vipimo.

```java
orodha.add(mstari);
orodha.revalidate();
orodha.repaint();
```

Usiweke validate() mahali pa revalidate(). validate() inapanga watoto wa orodha ndani ya ukubwa ambao orodha inao sasa hivi. revalidate() inapanda juu mpaka kwenye JScrollPane, kwa hiyo orodha inarefushwa na upau wa kuskroli unajua kuna mstari umeongezeka. Ukiongeza mistari 10 kwa pamoja, iingize yote kwanza, kisha ita revalidate() mara moja mwishoni.

Jibu la 2

Hilo la kujaza paneli lina sababu mbili zinazokutana. JPanel ya kawaida ndani ya JScrollPane hutanuliwa ijaze eneo linaloonekana pale vipimo vyake inavyopendelea vinapokuwa vidogo kuliko eneo hilo. Kisha BoxLayout inagawa nafasi iliyobaki kwa watoto, kila mmoja hadi kipimo chake cha juu kabisa. Kipimo cha juu cha JPanel na cha JTextField kwa vitendo hakina kikomo, kwa hiyo vyote viwili vinavimba.

Dawa ninayoipendelea ni kuifunga orodha ndani ya paneli nyingine:

```java
JPanel nje = new JPanel(new BorderLayout());
nje.add(orodha, BorderLayout.NORTH);
JScrollPane skroli = new JScrollPane(nje);
```

NORTH humpa mtoto upana wote, ila kimo kile tu anachopendelea. Inayotanuka ni "nje". Orodha inabaki na jumla ya vimo vya mistari yake, wala hakuna ziada ya kugawana.

Njia nyingine ni kuandika upya getMaximumSize() kwenye mstari, irudishe Integer.MAX_VALUE kwa upana na getPreferredSize().height kwa kimo. Inafanya kazi vizuri. Kinacholeta shida ni setMaximumSize(mstari.getPreferredSize()), ambayo wengi huiweka haraka haraka: inafunga upana pia, na kwa kuwa ulinganifu (alignment) wa JPanel kwa mlalo ni 0.5, yaani katikati, mistari inahamia katikati dirisha likipanuliwa. Ukichanganya na JLabel, ambayo ulinganifu wake ni 0, yaani kushoto, utaona vitu vimepishana kushoto na kulia bila mantiki. Kila kitu unachokiweka moja kwa moja ndani ya orodha kipe setAlignmentX(Component.LEFT_ALIGNMENT).

Jibu la 3

Kwenye kufuta, usihifadhi namba ya mstari ndani ya msikilizaji (ActionListener, msimbo unaoitwa kitufe kikibofywa). Ukiwa na mistari 0 hadi 4 na ukafuta wa 1, waliofuata wote wanasogea. Kitufe cha mwisho bado kinakumbuka 4, ambayo haipo tena, nawe unapata ArrayIndexOutOfBoundsException. Vitufe vya katikati ni vibaya zaidi, vinafuta bidhaa isiyo yake bila kosa lolote kuonekana. Futa kwa kitu chenyewe:

```java
futa.addActionListener(e -> {
    orodha.remove(mstari);
    orodha.revalidate();
    orodha.repaint();
});
```

Hapa repaint() ni ya lazima. Ukifuta mstari wa mwisho, hakuna mwingine wa kuja kufunika pale, picha yake inaweza kubaki kwenye skrini.

Kushuka hadi mstari mpya nako kuna mtego: mara tu baada ya revalidate() vipimo bado havijapangwa, kazi hiyo imewekwa kwenye foleni. Nawe jipange nyuma yake:

```java
SwingUtilities.invokeLater(() -> {
    mstari.scrollRectToVisible(new Rectangle(mstari.getSize()));
    jina.requestFocusInWindow();
});
```

Muulizaji

Asanteni sana, kuongeza na kufuta vimekaa sawa, na BorderLayout.NORTH imemaliza uvimbe. Limebaki moja. Nikifungua ankara ya zamani, mistari inasomwa kutoka hifadhidata ndani ya new Thread() (uzi wa pembeni), na add() inaitwa humo humo. Mara nyingine mistari kadhaa haionekani, mara nyingine iko sawa. Ankara kubwa ina bidhaa kama 300.

Jibu la 3

Swing inataka komponenti (paneli, vitufe, visanduku) ziguswe kwenye uzi wa matukio pekee, yaani ule unaoshughulikia mibofyo na kuchora (event dispatch thread). Ukigusa kutoka uzi mwingine, matokeo yanategemea nani kawahi, ndiyo maana kosa linakuja na kupotea. Tumia SwingWorker, darasa la kufanya kazi nzito pembeni na kurudisha matokeo kwenye uzi wa matukio: soma hifadhidata ndani ya doInBackground(), urudishe List ya data tupu, kwenye done() chukua get(), tengeneza mistari, iongeze, revalidate() mara moja.

Ila kwa bidhaa 300 mimi nisingetumia paneli kabisa. Hizo ni komponenti 1,200 kabla hujahesabu paneli zenyewe na vilivyomo ndani ya kila JSpinner. JTable (jedwali la Swing) yenye DefaultTableModel (inayoshika data yake) huchora seli zote kwa komponenti chache zinazotumika tena na tena, na addRow() hulijulisha jedwali yenyewe, huhitaji revalidate(). Weka mapema:

```java
jedwali.putClientProperty("terminateEditOnFocusLost", Boolean.TRUE);
```

Bila hiyo, mtumiaji akiandika bei na kubofya "Hifadhi" akiwa bado ndani ya seli, bei inayohifadhiwa ni ile ya zamani.