Tupeane uzoefu: Maneno ya metal tuliyojibunia huku Mtwara na Lindi

Mbanguaji (mwenye uzi)
Wakuu, salaam. Huku kusini tunaosikiliza metal, ule muziki wa roki nzito ya magitaa, tunahesabika kwa vidole, na vidole vinabaki. Ila maneno tunayo, na juzi nimeongea na jamaa wa Dar hakuelewa hata nusu. Kila mtu alete neno lake na lilikozaliwa. Orodha sitaki, nataka kisa.

Naanza mimi. Nikiwa kidato cha nne tulikuwa tunajikusanya Chikongola, kwa rafiki yetu mwenye subufa. Kule kurusha kichwa kufuata mdundo Wazungu wanakuita hedibangi, na mtoto wa Mtwara ukimwambia "bangi" tena mbele za watu unamtafutia kesi. Tukageuza ikawa kubangua, kama kuvunja maganda ya korosho, kazi inayoacha madoa mikononi. Asubuhi moja bibi akanikuta shingo haigeuki, akauliza kulikoni. Nikamwambia, bibi, jana tumebangua mpaka usiku wa manane. Akanishika mikono, akaigeuza mbele na nyuma, haina hata doa. "Mmebangua na nini, meno?"

Salfa Kali
Kwetu Newala gitaa lenye mkwaruzo linaitwa salfa. Kwa asiye na mikorosho: mwezi wa sita hivi, alfajiri upepo haujaamka, unabeba mashine mgongoni, injini inakungurumia sikioni na unga wa njano unapanda juu ya mti kupambana na ubwiri unga. Nimeifanya kazi hiyo tangu darasa la sita. Siku kaka aliponisikilizisha bendi ya Motörhead kwenye simu yake, nikamwambia hii mashine naijua, hii inataka kusafishwa plagi.

Tangu hapo bendi tunazipima hivyo. Hii ina salfa, ile haijapuliziwa. Zile nyimbo zao za polepole za kulilia mapenzi tunaziita mabibo, yale matunda ya mkorosho. Tamu, ila ukizidisha unaondoka na doa kwenye shati.

Binti wa Mchinga
Mwenye uzi, wengine tumebangua kweli. Mama alikuwa anauza korosho za kukaanga stendi, na sisi watoto ndio wabanguaji. Mafuta ya ganda yanakula ngozi, unajipaka majivu vidoleni na bado yanakula. Sasa nikaja kusoma habari za Tony Iommi wa Black Sabbath. Kijana wa miaka 17, kibarua wa kiwanda cha vyuma kule Birmingham, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya kuvaa vidoleni, akatafuta nyuzi nyepesi zisizomuumiza. Baadaye akazilegeza kabisa, na ule uzito wote tunaoupenda ukaongezeka. Niliangalia vidole vyangu siku ile, sikumwambia mtu.

Neno langu limetoka hapo: kuvisha kofia. Ni kutengeneza kitu kwa takataka kikatoka kizuri kuliko cha dukani. Spika yangu ilipasuka, fundi wa redio akaiziba kwa kipande cha kandambili, ikawa inatoa besi ambayo haijawahi kuwa nayo. Nikasema fundi ameivisha kofia. Mama siku hizi analitumia hadi kwenye mboga.

Njomba wa Bandarini
Hahaha dada wa Mchinga, mpe mama shikamoo yetu.

Langu ni hirizi. Nilipiga picha nimenyoosha kidole cha shahada na cha mwisho, ile alama yetu ya pembe. Mjomba wangu akaiona, akaniita barazani. "Njomba, na wewe umeingia?" Nimeingia wapi? "Huko kwa frimasoni." Wazee wanne wananitazama, kahawa imesimama hewani.

Nikawaeleza kuwa aliyeieneza alama hii kwenye metal ni mwimbaji Ronnie James Dio, ambaye alisema aliiona kwa bibi yake Mwitaliano, na bibi alikuwa anaitumia kujikinga na kijicho. Wazee wakatazamana. Mjomba akasema, "Kumbe ni hirizi! Ntu si useme mapema." Mmoja akaijaribu pale pale, akamwelekezea jirani mwenye duka.

Tukikutana sasa hatusemi pembe. Toa hirizi!

Mtu wa Kitaya
Sisi wa mpakani tumeazima ng'ambo. Binamu yangu wa Msumbiji anajiita metaleiro, neno la Kireno la mpenzi wa metal, lililovumishwa Brazili kwenye tamasha la Rock in Rio la mwaka 1985. Huku likavuka Ruvuma likawa "metaleru". Ule uimbaji wa kukoroma tunauita lipiko, maana shangazi aliusikia chumbani kwangu akadhani kinyago cha mapiko, ile ngoma ya Wamakonde, kimeingia ndani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

Kuchele
Samahani, mimi siafiki. Metal ina lugha yake dunia nzima. Mkienda mbele za watu na mabibo yenu mtaonekana andagredi.

Mbanguaji
Mkuu Kuchele, umetumia neno la mnadani, la korosho za daraja la chini, kututukana kwamba tunatumia maneno ya korosho. Andagredi ndivyo tunavyomwita yule aliyenunua fulana ya bendi asiyojua hata wimbo wake mmoja. Na hao wa dunia nzima wanajibunia kutushinda. Djent, jina la aina moja ya metal, ni nini kama si kuiga mlio wa gitaa la bendi ya Meshuggah ya Sweden? Na zile nukta mbili za Motörhead hazibadilishi matamshi hata kidogo, zipo kwa urembo.

Kuchele
Sawa, kwa djent umenibana. Mabibo bado sikubali.

Salfa Kali
Ngoja niulize. Ile ya kupamiana mbele ya jukwaa tuiiteje? Mimi nasema kinu.

Njomba wa Bandarini
Kinu kinataka watu. Mwaka juzi tulijaribu ufukweni Shangani, tuko wanne, mmoja kashika simu yenye muziki. Tukapamiana watatu. Dakika moja tu, mwenye simu akalia anaonewa, akaiweka kwenye kandambili mchangani akaingia. Wimbo ulipoisha maji yalikuwa yameshafika kwenye kandambili.

Binti wa Mchinga
Simu ilipona?

Njomba wa Bandarini
Ilipona. Ila hadi leo kila wimbo unatoka na salfa.