Tupeane uzoefu: sanamu za kwenye bustani za mjini

Kijana wa Vyeti
Wadau, siasa tuiweke kando kidogo. Leteni visa vyenu na zile sanamu za mjini tunazozipita kila siku. Naanza na Jeevanjee, Nairobi. Nilipokuwa natafuta kazi, bustani ile ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Asubuhi nazungusha bahasha, saa saba najilaza nyasini karibu na Malkia Victoria, chakula cha mchana ni hewa. Upande huu mhubiri anapasua koo, upande ule Bunge la Mwananchi, kile kikundi cha watu wa kawaida wanaojadili mambo ya nchi hadharani, wanagombania bei ya unga. Malkia mwenyewe alikuwa kadogo, huamini kwamba ndiye wa milki yote ile. Alizinduliwa na mwanawe, Duke of Connaught, mwaka 1906. Mwaka 2015 watu wasiojulikana wakamwangusha na kumvunja kichwa. Sikumlilia, ila tulizoea kuambiana "tukutane kwa Malkia". Siku hizi tunapigiana simu mara tatu ndipo tuonane.

Mama Njugu Jr
Mnamtaja Malkia, mwenye bustani mnamruka! A.M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, yule ambaye kampuni yake ilileta vibarua wa reli ya Uganda, ndiye aliyewapa watu wa Nairobi bustani hiyo, na sanamu ya Malkia akaitoa yeye. Naye ana sanamu yake mle ndani, watu huiegemea wakisoma gazeti. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga majengo na maegesho ya magari pale, mjukuu wake Zarina Patel alisimama kuupinga, na Wangari Maathai naye. Mamangu alikuwa akiuza njugu hapo. Hadi leo ukimtajia neno maegesho anasonya.

Mzaramo Halisi
Dar tuna Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Ni kiduara tu cha majani katikati ya magari, lakini ni chetu. Amesimama tangu 1927, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Babu akitupeleka mjini alikuwa anasimama kwanza pale, anavua kofia, ndipo tunaendelea. Babake alikuwa mpagazi katika vita vya kwanza na hakurudi. Kabla ya Askari palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani enzi za ukoloni, iliyowekwa 1909. Chini yake alichongwa askari mweusi akimtazama bwana juu. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa. Mimi naona heri huyu wa sasa, hamtazami mtu.

Mswahili wa Elbe
@Mzaramo Halisi, huyo Wissmann alihamia huku kwetu Hamburg. Alisimamishwa chuo kikuu mwaka 1922, wanafunzi wakamwangusha 1968. Nilimwonyesha binti yangu picha yake, akauliza yule wa chini anaitwa nani. Nikakosa jibu.

Mwana wa Kibokoni
Mombasa twamjua Allidina Visram, pale bustani ya Treasury Square. Utotoni tukitoka chuoni twapanda hadi miguuni pake, mlinzi akitokea twaruka. Maduka yake yalifika hadi Uganda, na shule ina jina lake, lakini kwetu alikuwa mzee wa kupandiwa tu. Kunguru hawamheshimu hata kidogo.

Kijana wa Vyeti
😂 Wa Kampala na Unguja mbona kimya?