Maili za ndege na pointi za kadi: nimeingizwa mjini mchana kweupe

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, nisomeni hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa Kariakoo, nauza viatu. Tangu China ifungue mipaka Januari 2023, naenda Guangzhou mara tatu au nne kwa mwaka, na muda wote nimeng'ang'ania shirika moja la ndege (silitaji, wao wana mawakili, mimi nina viatu). Hata jingine likiwa na nauli nafuu nilikuwa nagoma, nakusanya maili, yaani zile pointi shirika linakupa ukisafiri nalo, zikijaa unazibadilisha kwa tiketi. Nikachukua na kadi ya mkopo yenye ada ya mwaka, maana afisa wa benki aliniapia kwamba pointi zake zinageuzwa maili. Shabaha ilikuwa moja: bi mkubwa aende Umra Ramadhani hii.

Januari nikahamisha pointi zote kutoka benki kwenda kwa watu wa ndege. Zote! Ndipo nikaanza kutafuta kiti cha Dar kwenda Jeddah. Ramadhani nzima hakuna. Ukitafuta kwa hela, viti tele. Nikapiga simu, dada akanijibu kwa upole kabisa kwamba viti vya maili vina idadi yake na vimeisha. Basi rudisheni pointi zangu benki. Haiwezekani, zikishavuka hazirudi. Kwa hiyo usihamishe hata pointi moja kabla hujakiona kiti kwa macho yako.

Nikameza tarehe ya baada ya Idi. Tiketi ya "bure" ikaja na bili ya dola 310. Dola 40 za ada ya abiria pale Julius Nyerere nazijua, sina ugomvi nazo. Lakini angalieni kwenye orodha ya kodi za tiketi, mtaona herufi YQ au YR. Hiyo siyo kodi ya serikali yoyote. Ni pesa ya shirika lenyewe, wameichomeka katikati ya kodi ili ukamlaumu TRA. Wiki hiyo hiyo shirika jingine lilikuwa linauza safari hiyo dola 465. Miaka mitatu ya kukusanya, nimeokoa dola 155!

Na maili zenyewe zilikuwa kiduchu. Kumbe tiketi ina herufi ya daraja la nauli. Kiti ni kilekile cha nyuma, wali ni uleule, ila ukikatiwa herufi ya bei chee unapewa robo ya maili, pengine usipewe kabisa. Agenti wangu alikuwa ananikatia hizo hizo, na soda nilikuwa namnunulia. Za safari ya kwanza ndiyo zimekufa kimya kimya, miezi 36 imetimia.

Kadi nayo ina yake. Dubai mashine iliuliza nilipe kwa dirham au shilingi, nikajifanya mzalendo, nikabonyeza shilingi. Kiwango cha kubadilishia hela walichonipigia kilimeza pointi za manunuzi yale na chenji. Bonyezeni dirham.

Bi mkubwa anaondoka keshokutwa. Mtaa mzima kashautangazia kwamba mwanawe kampatia tiketi ya bure.

Aliyewahi kudai maili zilizokufa akarudishiwa, aje hapa anielekeze. Wale wa "ulipaswa kusoma masharti" piteni kimya. Nimeyasoma. Juzi.