Riwaya za historia kwa vijana: waandishi wetu, mnamwogopa msomaji au mnamdharau?

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikinunua riwaya mpya za Kiswahili zilizoandikwa kwa ajili ya vijana wa sekondari na ambazo visa vyake vimewekwa katika historia yetu, yaani Vita vya Maji Maji, utumwa wa Unguja, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Wajerumani. Nilikuwa nazisoma kwanza mwenyewe, halafu nampa mpwa wangu aliye kidato cha tatu. Majalada yanavutia, bei si ya mchezo, na nyuma ya kila kitabu kuna maneno ya sifa yanayoahidi kwamba msomaji atanusa moshi wa baruti. Nilichokutana nacho ndani ni sauti ya mwalimu wa zamu akihutubia mstarini. Vitabu vyenyewe sitavitaja, kwa kuwa ninayoyalalamikia si makosa ya mwandishi mmoja. Ni tabia iliyokwisha kuenea, na waandishi wake wakipita hapa watajitambua.

Nianze na ile ya Maji Maji, maana ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Mhusika mkuu ni kijana wa Umatumbi mwenye miaka 16, ambaye mwaka 1905 anatumwa na baba yake kwenda kulipa kodi kwa akida, yaani ofisa wa utawala wa Wajerumani, naye anahesabu shilingi mkononi. Shilingi, ndugu zangu! Fedha ya koloni la Wajerumani ilikuwa rupia, na kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilikuwa rupia tatu. Shilingi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi. Kurasa chache mbele, tarishi wa Gavana von Götzen anapanda treni Dar es Salaam kwenda Tabora kuomba askari, ilhali mwaka huo ujenzi wa reli ya kati ndio kwanza ulikuwa unaanza. Reli hiyo ilifika Morogoro mwaka 1907, na Tabora haikufika mpaka mwaka 1912.

Najua yupo atakayesema haya ni madogo na kwamba riwaya si kitabu cha historia. Kosa la treni naweza kulisamehe. La rupia siwezi, kwa sababu rupia zile tatu ni sehemu ya kisa chenyewe. Mkulima asiyekuwa nazo alilazimika kuzitafuta kwa kibarua au kuzilipa kwa jasho lake, na juu ya kodi hiyo likaja shamba la pamba la kijiji, ambalo watu walilimishwa kwa amri ya akida na jumbe, mkuu wa kijiji, wengine kwa viboko, kwa malipo yasiyotosha hata kununua chumvi, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Ndiyo maana watu wa Nandete, huko Umatumbi, walipoamua kuanza vita, mwezi Julai 1905, walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Mwandishi asiyejua mtu alikuwa akidaiwa nini, na kwa fedha gani, atawezaje kunieleza kwa nini mtu huyo aliikabili bunduki? Hakuweza. Katika riwaya hii watu wanaingia vitani kwa sababu wanapenda umoja.

Kinjikitile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi, naye amegeuzwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo. Anahutubia kurasa nne mfululizo juu ya mshikamano wa Watanzania wote, taifa ambalo wakati huo halikuwapo hata ndotoni, na hatetereki wala hatilii shaka lolote. Ebrahim Hussein alitupatia tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na humo tulikutana na mtu aliyepandwa na roho, akatoa maji, kisha akaanza kujiuliza kama neno alilolitoa bado ni lake, maana limekua kubwa kumshinda yeye mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuhofia kwamba vizazi vitakavyokuja vitaambiwa kuwa babu zao walikosea kupigana. Vijana wa sekondari wamekuwa wakiusoma mgogoro huo kwa miongo mingi na wanauelewa vizuri. Iweje leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, wapewe sanamu?

Jingine ni kwamba riwaya inaishia pale bunduki zinaponyamaza, kisha sura ya mwisho inarukia usiku wa kupandisha bendera mwaka 1961. Njaa haimo kabisa! Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa makusudi, na waliokufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Makadirio ya vifo vyote yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Hapo ndipo ilipo riwaya. Kijana mwenye miaka 16 aliyenusurika vitani, akarudi nyumbani akakuta hakuna mbegu, mama yake anachimba mizizi porini, na jirani aliyeapa naye kwa maji yale yale sasa ni mpagazi wa Wajerumani, huyo ndiye mhusika ninayetaka kumfuata mpaka alfajiri. Mwandishi amemruka. Hata msichana wa pekee katika kitabu kazi yake ni kuchota maji na kusubiri, ilhali miongoni mwa wanaotajwa kunyongwa kule Songea mwaka 1906 yumo mwanamke, Mkomanile. Mpwa wangu aliniuliza kama wanawake wa enzi hizo walikuwa hawafanyi kitu kingine. Nikamwambia amuulize mwandishi.

Riwaya ya pili ni ya utumwa, na hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Msichana aliyetekwa bara anauzwa Unguja, anaingizwa katika nyumba ya tajiri na kufanywa suria, jambo ambalo mwandishi analizungukazunguka kwa kumwita mtumishi wa ndani, mpaka msomaji makini anabaki akijiuliza kwa nini bibi mwenye nyumba anamwonea wivu mtumishi. Halafu unafika mwezi Juni 1873, Sultani Barghash anatia saini mkataba na Waingereza, soko linafungwa, ofisa mmoja wa Kiingereza mwenye macho ya huruma anakuja, na binti yuko huru. Tamati.

Kilichofungwa mwaka 1873 ni soko la watumwa na biashara yao ya baharini. Aliyekuwa mtumwa ndani ya nyumba alibaki kuwa mtumwa. Amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, huku anayelipwa fidia akiwa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Kwa maneno mengine, huyu binti wa kwenye kitabu, kwa hali aliyopewa na mwandishi mwenyewe, angeweza kuzeeka akisubiri. Kwenye mwambao wa Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907, na Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922. Hebu fikirini mwandishi mwenye moyo angefanya nini na mwanamke anayesikia mtaani kwamba watu wanaachiwa huru, kisha anaambiwa kwamba yeye hahusiki! James Mbotela alipoandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934, alimsifu Mwingereza kupita kiasi na wahakiki wamemsema sana kwa hilo. Lakini Mbotela aliandika chini ya serikali ya kikoloni, naye alitoka katika uzao wa waliokombolewa. Mwandishi wa leo ana udhuru gani wa kutuletea ofisa yule yule?

Ile ya Mkwawa nitaisema kidogo tu, tena kwa haki, kwa sababu nusu yake ya kwanza ni nzuri. Mwandishi hakuridhika kutuonyesha ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891; alitupeleka pia kwa Wasangu, ambao walikuwa wamepigwa na kufukuzwa na Wahehe kabla Mjerumani hajafika, na akamwacha msomaji aelewe mwenyewe kwa nini Merere, mtawala wa Wasangu, aliona heri ashirikiane na mgeni. Nilisimama nikampigia makofi chumbani kwangu. Basi, ni kama mtu alimgusa bega na kumkumbusha kuwa anawaandikia watoto, kwani kuanzia kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894 kila Mhehe ni malaika, kila Msangu ni msaliti, na mwishoni mwa kila sura yamewekwa maswali ya mazoezi. Maswali ya mazoezi, ndani ya riwaya!

Na hapo ndipo ulipo mzizi wa fitina. Vitabu hivi haviandikwi kwa ajili ya kijana; vinaandikwa kwa ajili ya kupata ithibati ya kutumika shuleni, na mchapishaji anayewaza oda ya shule atamwomba mwandishi aondoe kila kitu kinachoweza kumkwaza mtu yeyote kwenye meza ya ithibati. Tunaambiwa kwamba vijana hawawezi kuhimili mambo mazito. Si kweli. Wanafunzi wa Kenya walisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei kwa ajili ya mtihani wao wa kidato cha nne, na humo Ridhaa anaipoteza familia yake katika nyumba iliyochomwa moto kwa chuki za uchaguzi, kwa mkono wa jirani aliyemfahamu. Wa kwetu wamekuwa wakisoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, yenye watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na dawa za kulevya zinazowangoja mitaani. Vitabu hivyo navyo vilipita katika meza za ithibati kama hizo. Kwa hiyo tusisingizie meza. Wapo waandishi wanaojichuja wenyewe kabla hawajaulizwa.

Ninachowataka wachapishaji wafanye si kikubwa. Mswada wa riwaya ya kihistoria usomwe na mtu mmoja anayeijua historia hiyo kabla haujaenda mtamboni, naye alipwe. Mwandishi aandike ukurasa mmoja mwishoni akieleza ni yupi aliyeishi kweli na ni yupi aliyemtunga, maana hivi sasa mpwa wangu anaamini kwamba yule ofisa mwenye macho ya huruma alikuwapo. Na mhariri aliyeacha jina la mhusika libadilike kutoka Sefu kuwa Seif na kurudi tena Sefu katika sura moja arudishe ujira wake.

Wenye kuijua riwaya ya Kiswahili ya miaka ya karibuni ambayo imemheshimu kijana katika jambo hili, naomba muitaje hapa chini pamoja na mchapishaji na duka inakopatikana. Nitainunua mwezi huu huu. Nanyi mtakaokuja kunijibu kwamba tuwatie moyo waandishi wetu kwa sababu wanajitahidi, jibuni kwanza hili la rupia.